Miradi ya mtaa wetu: Tusiishie kwenye jiwe la msingi

 Ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tunapenda kuzungumzia jambo lililo karibu mno na milango ya nyumba zetu, na pengine kwa sababu ya ukaribu huo huwa hatulioni. Ni miradi ya mtaa: kisima, shule ya awali, zahanati, choo cha shule, madrasa. Nani huianzisha tunamjua, kwani jina lake huandikwa ukutani. Nani huiendeleza baada ya wageni kuondoka, hilo ndilo swali letu.

Tuanze na kisima cha mtaani kwetu. Mtaa hatutautaja, wala mfadhili, kwa kuwa makosa tutakayoyaeleza ni yetu sisi wakazi.

Siku ya kuzinduliwa kwake palipigwa hema, pilau likapikwa, utepe ukakatwa na kibao cha marumaru kikabandikwa. Mfadhili alikuwa amechimba kisima kirefu, akaweka pampu ya umeme, akajenga mnara wa tangi na kutoa mabomba manne. Wakazi tulitakiwa kufanya jambo moja tu, nalo ni kuunda kamati. Kamati ikaundwa siku ile ile, chini ya hema lile lile: watu saba waliopendekezwa kwa sauti na kuthibitishwa kwa takbira. Haikukutana tena mpaka pampu ilipoungua.

Pampu iliungua mwaka wa pili, mwezi wa Shaaban, wakati kila nyumba inajiandaa na Ramadhani. Katika muda wote uliotangulia hakuna aliyeuliza umeme wa kuvutia maji ulikuwa ukinunuliwa na nani. Tulikuja kufahamu baadaye kwamba ni muadhini wetu, mzee asiye na kazi nyingine, aliyekuwa akinunua umeme kwa fedha yake, na mwenye duka la pembeni akimkopesha kila mfuko ulipokauka. Deni lilikuwa kwenye daftari la duka, kwa jina la muadhini, wakati wanaoteka maji walikuwa mtaa mzima.

Bei ya pampu mpya haikufika hata robo ya gharama ya kuchimba kisima. Hata hivyo tulikaa miezi minane bila maji. Sababu haikuwa ufukara. Ilikuwa mjadala. Kundi moja lilitaka kila dumu la lita 20 litozwe shilingi 50 ili pampu inunuliwe na umeme ulipwe. Kundi la pili likasema kisima ni sadaka, na maji ya sadaka hayauzwi. Atakayetoza amemdhulumu aliyetoa na amewadhulumu maskini. Tukiri hapa kwamba nasi tulikuwa katika kundi hili la pili, na tulisema kwa ukali. Wakati tukibishana barazani, wenye mikokoteni walikuwa wakituuzia dumu hilo hilo kwa shilingi 300, na wajane tuliodai kuwatetea wakilipa bei hiyo sawa na sisi.

Aliyetutoa katika ubishi ule ni ustadhi mmoja aliyetuomba tuache kunukuu maneno ya mtaani, tuurudie wakfu wenyewe jinsi ulivyoanza. Nasi tunaona ni vyema kuieleza habari hiyo hapa, maana inajulikana kwa nusu tu.

Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alipata ardhi huko Khaybar, na hakuwahi kupata mali aliyoipenda kama ile. Akamwendea Mtume (S.A.W.) kumtaka ushauri. Mtume alimwelekeza aizuie asili yake na matunda yake ayatoe sadaka. Basi Umar akaweka masharti: ardhi ile isiuzwe, isitolewe zawadi wala isirithiwe, na mapato yake yaende kwa mafakiri, kwa jamaa, katika kuwakomboa watumwa, katika njia ya Mwenyezi Mungu, kwa wasafiri na kwa wageni. Mpaka hapo wengi wetu tunaijua habari hii, kwa kuwa imo katika Bukhari na Muslim. Lakini hadithi ina kipande kinachofuata, na hicho ndicho tunachokiruka: Umar alieleza kwamba hapana ubaya kwa mwenye kuisimamia kula katika mapato hayo kwa kiasi cha wema, na kumlisha rafiki, maadamu hajilimbikizii mali. Kwa maneno mengine, tangu wakfu huu wa mwanzo msimamizi aliwekewa riziki yake ndani ya mradi wenyewe. Haikutarajiwa kwamba mtu atalinda shamba la umma kwa miaka huku watoto wake wakilala njaa.

Kuna jambo la pili katika riwaya iliyopokelewa na Abu Dawud. Umar aliandikisha hati ya wakfu ule, na usimamizi akamwachia binti yake, Bibi Hafsa, mkewe Mtume (S.A.W.), kwa muda wote atakaokuwa hai, kisha wenye busara katika jamaa zake. Tunawaomba wanaounda kamati za wanaume watupu waitazame habari hii kwa makini. Wanaoamka alfajiri kupanga foleni ya maji ni mama zetu na binti zetu, na wao ndio wa kwanza kujua bomba linapovuja. Katika ile kamati yetu ya watu saba hakuwamo mwanamke hata mmoja.

Ustadhi akatukumbusha pia kisima cha Ruma, pale Madina. Maji yake yalikuwa matamu na watu walikuwa wakiyanunua. Mtume (S.A.W.) akahimiza apatikane wa kukinunua, ndoo yake iwe sawa na ndoo za Waislamu wengine, na malipo yake yawe Peponi. Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.) akakinunua. Baadhi ya riwaya zinasema kwanza alinunua nusu, yeye na mwenye kisima wakawa wanapeana zamu ya siku. Watu wakawa wanateka siku ya Uthman maji ya siku mbili, hata yule mwenye kisima akaona biashara imemfia na kuuza nusu iliyobaki. Uthman alikuwa mfanyabiashara, na hapa alitumia akili ya biashara kwa manufaa ya watu. Lakini lililotugusa zaidi ni lile sharti la ndoo. Aliyetoa fedha hana foleni yake peke yake. Ndoo yake inakaa nyuma ya ndoo ya aliyetangulia kufika.

Ama kuhusu ada, tulifahamishwa kwamba wanazuoni wametenganisha maji yaliyomo katika asili yake, ambayo watu wanashirikiana, na maji yaliyovutwa na kuhifadhiwa kwa gharama, ambayo jumhuri yao wameruhusu yalipiwe. Pia wametaka sharti la mwenye kutoa liheshimiwe. Basi mfadhili akaulizwa. Akajibu kwamba hakukusudia kisima kife. Kama ada itazuia kifo chake, na asiye na uwezo asinyimwe, yeye yu radhi. Miezi minane ya ukame ilimalizwa na swali ambalo lingeulizwa kwa simu katika wiki ya kwanza. Kwa hiyo tunamnasihi kila mwenye kutoa: andika tangu mwanzo namna unavyotaka mradi wako utunzwe. Na tunawanasihi wenye kupokea wasikubali funguo kabla ya kuiona karatasi hiyo.

Tufanye hesabu kidogo, kwani katika mambo haya hesabu ndiyo inayoondoa shaka. Kituo kinachotoa madumu 200 kwa siku, kila dumu shilingi 50, hupata shilingi 10,000 kwa siku, yaani 300,000 kwa mwezi. Humo utatoka umeme, posho ya msimamizi, na sehemu itakayowekwa kando isiguswe mpaka chombo kiharibike. Wenye shida huandikwa orodha na wazee wa mtaa, wakateka bure bila kutangazwa. Shilingi 50 ni ndogo kwa anayelipa, na jumla yake inatosha kununua pampu kabla ya pampu kuungua. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa kidogo. Mara nyingi tunaisoma hadithi hiyo tunapozungumzia sala za usiku, tukasahau kwamba inaufaa pia mfuko wa matengenezo.

Wala tusidhani maradhi haya ni ya visima peke yake, au ni ya maskini peke yao. Atokaye katika meli pale Unguja na kufuata barabara ya ufukweni atalikuta jengo kubwa lenye roshani za mbao zilizonakshiwa, wenyeji wakiliita Zahanati ya Zamani. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 na Tharia Topan, tajiri mkubwa wa zama zake, aliyekusudia liwe hospitali. Mwaka 1891 alifariki dunia kabla jengo halijakamilika. Mjane wake aliliendeleza, kisha fedha zikapungua. Mwaka 1900 likanunuliwa na wadhamini wa mali ya tajiri mwingine, Haji Nasser Nur Mohamed, nao ndio waliolifanya zahanati: matibabu chini, na ghorofa za juu makazi. Mbele ya safari, baada ya Mapinduzi ya 1964, likaachwa, likachakaa, hata likaja kukarabatiwa na taasisi ya Aga Khan katika miaka ya 1990. Mtu mmoja mwenye utajiri wote ule hakuweza kuutoa mradi wake katika jiwe hadi kwenye dawa. Waliofanikiwa walikuwa wadhamini, yaani mpango ambao haukufa pamoja na mtu. Na hata mpango huo, ulipokosa wa kuusimamia, paa lilianza kuvuja.

Habari hiyo ni ya matajiri. Kwa wasomaji wetu walio wengi, ambao hawajengi ghorofa za baharini, tunao mfano mwingine wa pwani hii hii, nao tunauona una mafunzo zaidi. Ni shule za awali za madrasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa pwani ya Kenya waliona watoto wao wakibaki nyuma katika elimu ya shule, wakamweleza Aga Khan. Matokeo yake ni mradi ulioanza Mombasa mwaka 1986, ukiongozwa na mwalimu Bi Swafiya Said. Ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Kwa miaka iliyofuata, shule za namna hiyo katika nchi hizo tatu zilizidi 200.

Kilichoutofautisha mradi huo ni mpangilio wake. Mradi haukuja na jengo. Jamii iliyotaka shule ilitakiwa kwanza kuomba yenyewe, kutoa chumba, mara nyingi ndani ya madrasa iliyokuwepo, kuchagua kamati, na kuteua wanawake wa mtaa ule ule wapelekwe mafunzo ya ualimu. Vifaa vya kufundishia vilitengenezwa kwa vitu vilivyookotwa jirani: vifuu, makombe ya baharini, vizibo vya chupa, mabaki ya mbao. Kwa njia hiyo mzazi asiye na fedha alikuwa na cha kuleta, na aliyeleta kitu kwa mkono wake hakubali kirahisi kukiona kinatupwa. Wakufunzi walikuwa wakirudi tena na tena kuwatazama walimu na kamati, si siku ya ufunguzi tu.

Baadaye likaja tatizo tulilolitaja: walimu wataishi kwa nini, ikiwa karo za wazazi ni ndogo na hazilipwi kwa wakati? Jawabu lililotolewa lilikuwa kuwekea shule zilizotimiza masharti akiba ndogo ya kudumu. Wazazi walichanga kiasi, mradi ukaongeza kiasi, mtaji ukawekezwa, na faida yake peke yake ndiyo ikatumika. Msomaji ataona kwamba fikra hiyo si ngeni, kwani ndiyo fikra ya Khaybar: asili izuiliwe, matunda yatolewe. Ama aina ya uwekezaji ni lazima iangaliwe isiwe na riba, na hapo kamati imwone mwanachuoni kabla ya kuona benki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa watoto waliopitia shule hizo katika nchi zote tatu walipiga hatua kubwa zaidi za kiakili kuliko waliobaki nyumbani, na hata kuliko wa shule nyingine za awali zilizolinganishwa nao. Hayo ni matunda ya vifuu na ya wanawake wa mtaani waliopewa mafunzo, ndugu msomaji. Hayakutokana na marumaru.

Sasa tugeukie wafanyabiashara, ambao kila wiki hupokea barua ya kuombwa mchango, na wengi wao wamechoka. Tunawaelewa. Mwenye duka anayetoa shilingi laki moja kwa kila kamati inayobisha hodi mwishowe haoni alichofanya, na kamati haikumbuki aliyetoa. Tunadhani njia iliyo bora ni kumwendea kila mmoja kwa kile anachokiuza na anachokijua. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi aombwe saruji na mabati kwa bei ya kununulia, asilazimishwe kutoa bure. Mwenye lori aombwe safari mbili za mchanga siku ambayo gari limelala. Mhasibu aombwe saa moja kila baada ya miezi mitatu kupitia vitabu, fundi bomba aombwe Jumamosi moja. Mwenye duka la vipuri anaweza kuahidi kwamba kifaa kikiharibika atakitoa siku hiyo hiyo na kulipwa kidogo kidogo. Ahadi hiyo ina thamani kuliko picha yake akiwa ameshika hundi ya karatasi kubwa. Mama lishe na wenye magenge wasidharauliwe. Katika mtaa wetu, fedha za kwanza za pampu mpya zilitoka kwa mama lishe wanne, kwa sababu wao ndio walioumizwa zaidi na bei ya mkokoteni. Na aliyefunga nyaya za pampu bila malipo ni fundi umeme Mkristo, ambaye nyumba yake inateka maji pale pale. Mwenyezi Mungu ametuusia jirani wa karibu na jirani wa mbali (An-Nisaa, 4:36), na bomba halimuulizi mtu dini yake.

Lipo tahadhari moja ambalo hatuna budi kulisema ingawa litawaudhi baadhi ya watu. Mjumbe wa kamati asiiuzie kamati yake saruji, wala asimpe nduguye zabuni ya kupaka rangi, hata kama bei yake ni nzuri kuliko za wengine. Huenda yeye ni mwaminifu kweli. Lakini siku ukuta utakapopata ufa, hakuna atakayeamini, na mchango unaofuata hautapatikana. Vivyo hivyo mgombea wa kiti chochote anayetaka bomba liitwe kwa jina lake apokelewe kwa heshima, achukuliwe mchango wake, na bomba libaki na jina la mtaa. Qur'ani Tukufu imetuonya tusibatilishe sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi (Al-Baqara, 2:264), na kuna masimbulizi ya maneno na kuna masimbulizi ya mabango.

Wafanyabiashara wengine huuliza kama wanaweza kuitoa zaka yao katika miradi hii. Qur'ani imetaja makundi manane yanayostahiki zaka katika Suratut Tawba (9:60), na jumhuri ya wanazuoni wanaona kwamba zaka humilikishwa watu wa makundi hayo, kwa hiyo haijengei kisima, barabara wala jengo. Wapo wanazuoni wa zama zetu waliopanua maana ya fungu la njia ya Mwenyezi Mungu. Sisi si mamufti, na mwenye mali amuulize mwanachuoni anayemwamini kwa hali yake. Tunachokiona ni kwamba si haki maskini wa mtaa apokonywe fungu lake ili tajiri aonekane amejenga. Zaka ni deni, itoke kwa wenyewe. Miradi iendeshwe kwa sadaka na kwa wakfu, ambavyo milango yake ni mipana. Na kwa upande wa dola, Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004 imeweka nafasi kwa mfanyabiashara kupunguziwa katika hesabu ya kodi kile alichokitoa kwa taasisi ya hisani au mradi wa maendeleo ya jamii, kwa kiwango kisichozidi asilimia 2 ya mapato ya biashara yake, mradi awe na stakabadhi na mpokeaji awe anatambulika kisheria. Wengi hutoa bila stakabadhi na nafasi hiyo huipoteza. Kamati inayotaka kuwasaidia wafadhili wake ijisajili na inunue kitabu cha stakabadhi.

Usajili huo una faida nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo ni ardhi. Ni viwanja vingapi vya madrasa vimerudi kwa warithi kwa sababu marehemu alitoa kwa mdomo, mbele ya watu ambao nao wamekwisha kufa? Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina na kutaka kujenga msikiti, kiwanja kilikuwa cha mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Walikitoa bure. Mtume hakukubali mpaka akakinunua kwao. Tunafahamu kutokana na hapo kwamba heri ya mradi haihalalishi kuichukua ardhi ya mnyonge kwa kumwonea haya. Kwa Tanzania Bara, wadhamini wa mali kama hii husajiliwa kwa Kabidhi Wasii Mkuu, chini ya RITA. Kwa Zanzibar ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Anayetaka kuchimba kisima kirefu aanzie pia katika ofisi ya bonde la maji la eneo lake, kwa kuwa kibali kinahitajika, na maji yapimwe kabla ya kunywewa. Kisima kilichochimbwa karibu na mashimo ya vyoo huweza kuupelekea mtaa kipindupindu kwa nia njema kabisa.

Linabaki suala la fedha, ambalo huvunja udugu kuliko lolote. Siku hizi mchango huja kwa simu, na hilo ni jambo jepesi na jema. Lakini namba ya kupokelea isiwe namba binafsi ya mwenyekiti, hata awe imamu. Iwe ya kikundi, yenye watia saini zaidi ya mmoja. Mapato na matumizi yabandikwe mahali ambapo kila mtu anapita, kwa maandishi makubwa, kila mwezi, hata mwezi ambao hakuna kilichoingia. Tumeona kwa macho yetu kamati ikiaminiwa zaidi baada ya kubandika karatasi iliyoonyesha hasara, kwa kuwa watu walisema: hawa hawakuficha.

Nasi tuieleze karatasi ya kisima chetu jinsi ilivyo mpaka tunapoandika. Ada ni ile ile shilingi 50. Nyumba kumi na moja zimo katika orodha ya wasiolipa, na orodha hiyo haibandikwi. Mtunza hazina ni mama lishe mmoja wa wale wanne, na daftari lake ni safi kuliko la yeyote aliyemtangulia, kwani hakuna aliyemtangulia. Deni la muadhini limelipwa lote, ingawa yeye alikuwa amelisamehe. Mjumbe mmoja amejiuzulu kwa hasira kwa sababu ya bei ya rangi. Kuna akiba ya pampu moja na nusu. Tangi linavuja upande wa kaskazini, fundi amesema litafanyiwa kazi wiki ijayo, na hiyo ni wiki ya tatu anasema hivyo. Nje ya ukuta pana nafasi ya fremu mbili za maduka. Wazee wanataka zijengwe, kodi yake iingie katika mfuko wa kisima na wa madrasa, na kiwanja kiandikishwe wakfu kwa hati. Mkutano wa kulijadili hilo utakuwa leo baada ya sala ya Alasiri, na safari hii wanawake wamealikwa.